Bustani ya kumbukumbu: majina yakae kwenye jiwe, miti iwe ya wote

Kosa linalorudiwa kuliko yote kwenye bustani za miti za kuwakumbuka marehemu hufanyika siku ya kwanza, mbele ya mgeni rasmi. Kila familia inapewa mche wake, kibao chenye jina la marehemu kinachomekwa pembeni, picha zinapigwa. Miezi minne baadaye kiangazi kimebana, mbuzi wamepita, na baadhi ya miche imekauka. Kwenye shamba la mbao hilo ni jambo la kawaida: unarudishia mche mwingine mvua zikirudi, hakuna anayeuliza. Hapa kuna mama anayepita kila siku akienda sokoni na kukuta jina la mwanawe limesimama kando ya kijiti kikavu. Kuna na mwingine anayejiuliza kwa nini mti wa jirani umeshika na wake umekufa, na kijijini swali la namna hiyo halichelewi kupata majibu ya kishirikina.

Kwa hiyo kabla ya kununua mche hata mmoja, kamati ikubaliane kwamba majina yatakaa kwenye jiwe na miti itakuwa ya wote. Ndivyo ilivyo Nairobi, kwenye bustani iliyojengwa palipokuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa 7 Agosti 1998, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Majina ya waliokufa yako ukutani. Miti na nyasi ni vya yeyote anayeingia kupumzika. Mti ukifa unang'olewa, unapandwa mwingine, na hakuna familia inayohisi imefiwa mara ya pili.

Ninayoyaandika hapa yanawahusu watu wa mtaa au kijiji cha Tanzania wenye eneo la ekari moja hivi, fedha kidogo, na watu wa kujitolea ambao siku ya uzinduzi ni wengi na mwezi wa nane ni wa kuhesabika.

Ardhi kwanza, na nitapita haraka. Kijijini, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayotoa eneo baada ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Muhtasari wa mkutano utaje mipaka na matumizi, uwe na sahihi na mhuri, na nakala ikae mahali pawili. Mjini mnaanzia ofisi ya mtaa, kisha kwa afisa mipango miji wa halmashauri. Neno la mwenyekiti peke yake halitoshi: uongozi unachaguliwa kila baada ya miaka mitano, mti mnaoupanda unataka hamsini. Kikundi chenyewe kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii, la sivyo hamtaweza hata kufungua akaunti ya benki. Halafu zungukeni eneo mkiangalia waya za Tanesco zinapopita juu, mabomba yanapopita chini, na mpaka wa hifadhi ya barabara. Bustani inayowekwa X nyekundu ya kubomolewa baada ya miaka sita ni huzuni juu ya huzuni.

Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, yaani kama mita 64 kila upande. Ukipanda kwa nafasi ya shamba la mbao, mita 3 kwa 3, utaingiza zaidi ya miche 400 na baada ya miaka kumi utakuwa na kichaka cheusi ambacho hakuna anayetaka kuingia peke yake jioni. Bustani inataka miti mikubwa iachane mita 10 hadi 12. Toa njia, toa uwanja wa kukutania, toa sehemu ya ukuta wa majina: kinachobaki ni nafasi ya miti 25 hadi 30. Watu hawaamini wakiambiwa hivyo. Wanaangalia ule uwanja mtupu wenye vijiti thelathini na kusema kamati imekula hela za miche. Chora ramani kubwa kwenye karatasi, weka vivuli vya miti iliyokomaa kwa kipimo, ibandike ofisi ya kijiji. Maneno yatapungua, ingawa hayataisha.

Kabla ya kuchora njia, angalieni kwa wiki mbili watu wanapita wapi sasa hivi. Njia ya mkato kwenda kisimani au shuleni haifungwi kwa miche wala kwa uzio. Itapitiwa tu, na kilichopandwa katikati yake kitakanyagwa. Iacheni ilipo, ipanueni iwe mita 2, kisha bustani ijipange kuizunguka. Uwanja wa katikati uwe na nafasi ya turubai na viti vya plastiki, kwa sababu siku ya kumbukumbu ya mwaka hakuna atakayekubali kusimama juani kwa muda wa saa tatu. Geti liwe la kupita boza la maji. Hilo husahaulika, na wanaokuja kulipia usahaulifu huo ni wabeba ndoo.

Sasa miti. Hapa ndipo penye mabishano, na nina upande.

Mikaratusi isiingie. Inanyonya maji, inaangusha matawi bila taarifa, na chini yake hakuoti kitu cha maana. Mwarobaini una kivuli kizuri na unavumilia ukame, ila Pwani ndege wanasambaza mbegu zake hadi kwenye misitu ya asili, kwa hiyo kama miche mingine ipo, iacheni ipite mbele. Mzambarau unachafua njia na nguo. Mwembe unaleta swali ambalo kamati haitaki kulijibu: nani avune, na mtoto aliyevunja tawi kwa rungu akitafuta embe za bustani ya marehemu aambiwe nini?

Pwani, ambako upepo una chumvi, mtondoo na mkungu vinasimama vizuri. Mkungu unataka mtu wa kufagia majani yake makubwa. Mkongo, ambao Pwani huitwa pia mbambakofi, unafaa sana: mbegu zake kubwa nyeusi zenye kofia nyekundu zinaota bila taabu na mti wake unaishi muda mrefu. Nyanda za juu, kama Arusha, Kilimanjaro au Mbeya, mringaringa unakua haraka kiasi cha kuwatia watu moyo, na maua yake meupe yanavuta nyuki. Sehemu kavu za kati, mkwaju: unakwenda polepole, lakini ukishapeleka mzizi chini hauombi maji tena.

Kuna miti mitatu ya heshima ambayo kila kamati huitaka na kila mmoja una tabia yake. Mkangazi unakimbia kwenda juu, ila ikipandwa mingi pamoja hushambuliwa na kiwavi anayetoboa kichipukizi cha juu. Ncha inakufa, mti unagawanyika matawi mawili na kubaki umepinda. Pandeni miwili au mitatu tu, mbalimbali, katikati ya miti mingine. Mvule mchanga ukikaa juani peke yake hupata vivimbe kwenye majani na ncha kutokana na mdudu, na hudumaa. Unapenda kuanza maisha chini ya kivuli chepesi. Mninga ndio unaodanganya watu zaidi. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua upya kutoka ardhini mvua zikija, huku mzizi ukinenepa chini kimyakimya. Asiyejua anaona umekufa, anaung'oa, anapanda mwingine, na mwaka unaofuata anafanya vilevile. Kama mtapanda mninga, wekeni kigingi kilichopakwa rangi kando yake na mzuieni kila mtu kuung'oa.

Kwa miti inayotaka kivuli mwanzoni, pandeni miti ya muda kando yake, mita 2 hadi 3 upande wa jua la mchana: mgrivea nyanda za juu, mjohoro kwenye joto.

Waulizeni wazee kabla ya kuagiza. Kuna mahali mkuyu ni mti wa matambiko na si kila mtu atakaa chini yake. Kuna watu wa Pwani ambao mbuyu na mkwaju hawavikaribii usiku. Kwa Wachaga, masale hupandwa makaburini na mipakani na hutumika kuombea msamaha, kwa hiyo safu ya masale kando ya njia ya kuingilia itasomeka bila maandishi. Si lazima kamati iamini kila kitu, ila bustani isiyokaliwa na watu ni ardhi iliyopotea.

Miche iagizwe miezi sita hadi minane kabla ya mvua, kutoka kwenye vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) au kitalu cha mtu anayeaminika karibu. Kwa mashimo 30, agizeni miche 40; kumi ile ya ziada ikae kwenye kitalu kidogo, kwenye viriba vikubwa (mifuko ya nailoni ya kukuzia miche), iwe ya umri uleule ili mkirudishia mti usionekane mtoto kati ya wakubwa. Mkienda kupokea, msichague mirefu. Mche wa sentimita 30 hadi 50 wenye shina nene kuliko penseli utaupita ule wa mita moja uliokaa kwenye kiriba mwaka mzima. Inueni kiriba: kama mizizi imetoboa na kujishika ardhini, mtakapoing'oa mche utaumia. Ulizeni kama miche imeshazoeshwa jua, maana yake imetolewa kivulini na kupunguziwa maji wiki tatu au nne kabla. Miche iliyotoka moja kwa moja kwenye kivuli cha kitalu huungua majani wiki ya kwanza.

Mvua ndiyo inayoamua tarehe, si kalenda ya wageni. Kenya ilipotangaza 10 Mei 2024 kuwa siku ya mapumziko ya kupanda miti na kuwakumbuka waliokufa kwenye mafuriko, ardhi ilikuwa imelowa barabara. Kwetu, mikoa yenye masika na vuli pandeni wiki mbili baada ya masika kushika, ili mti upate mvua yote iliyobaki. Dodoma, Singida na Tabora, mvua ni moja na huanza Novemba au Desemba. Kule, sherehe ya Siku ya Misitu Duniani, 21 Machi, imechelewa: mche unapata wiki chache za unyevu kisha miezi saba ya vumbi. Pandeni Desemba au mapema Januari, na Machi mfanye sherehe ya palizi kama viongozi wanataka kupigwa picha.

Mashimo yachimbwe mwezi mmoja kabla. Sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Watu wakichanganya hapo, faida ya shimo imekwisha. Kwenye ardhi ngumu, mtu mwenye nguvu na sururu atatumia saa nzima au zaidi kwa shimo moja, kwa hiyo wapangeni watu kumi kwa mashimo matatu kila mmoja na asubuhi nzima. Sururu tano, majembe manane, makoleo manne na toroli mbili zinatosha, zikizunguka. Kisha mwageni ndoo mbili za maji kwenye mashimo machache ya pembe zote za eneo. Shimo ambalo kesho yake bado lina maji, kama ilivyo kwenye udongo mweusi wa mbuga, litaozesha mizizi ya miti mingi; hapo pandeni juu ya tuta la sentimita 30 au badilisheni aina ya mti.

Changanyeni udongo wa juu wa kila shimo na debe moja la samadi iliyoiva. Iliyoiva maana yake haina joto wala harufu kali na huwezi kutambua ilikuwa majani gani. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuwaita mchwa.

Siku ya kupanda, watu watatu kwa kila shimo wanatosha. Miche imwagiliwe jana yake. Kiriba kichanwe kwa wembe na kitolewe chote. Ndiyo, chote, kila mwaka kuna miti inayofukuliwa ikiwa imekufa ndani ya nailoni yake kwa sababu mtu alidhani itaoza. Kama mizizi imejizungusha chini, kata sentimita moja au mbili za kitako hicho. Mche ukae kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni: shingo ikizikwa inaoza, mizizi ikiachwa wazi inakauka. Shindilia kwa unyayo, si kwa mateke. Tengeneza kisahani cha mita moja kuzunguka, kingo zikiwa juu kidogo, tandaza nyasi kavu unene wa kiganja, lakini ziache upana wa mkono kutoka kwenye shina. Matandazo yakigusa shina, mchwa watapanda. Jivu la jikoni kuzunguka shingo husaidia kwa muda, hadi mvua ilisombe.

Watu mia tatu wakija kupanda miti thelathini, mia mbili watasimama juu ya udongo uliolainishwa. Wapeni kazi ya kweli: kukata miiba ya uzio, kubeba nyasi za matandazo, kupanda masale na nyasi za njia, kumwaga zege la msingi wa ukuta. Wageni wakitaka kupanda kwa mikono yao, wapande mti mmoja, mahali penye ulinzi mzuri kuliko pote.

Kilichobaki ni maji, na hapa ndipo bustani nyingi zinapofia. Hesabu ni hii: mti mmoja, dumu la lita 20 kwa wiki, kiangazi cha kwanza chote. Miti 30 ni lita 600 kwa wiki. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni kama wiki 20, kwa hiyo lita 12,000. Mwaka wa pili, dumu moja kila wiki mbili; mwaka wa tatu, mara moja kwa mwezi, na mti ulioshika vizuri uachwe ujitafutie. Dumu moja kwa mara moja ni bora kuliko kikombe kila siku, kwa sababu maji machache hubaki juu na kuivuta mizizi ije juu, halafu wiki moja ya kusahau inaiua. Penye shida ya maji, zika chungu cha udongo kisichopakwa rangi sentimita 30 kutoka kwenye mche, mdomo ukiwa juu ya ardhi, kijaze na ukifunike kwa jiwe bapa ili mbu wasizaliane. Maji yatavuja polepole kwenda kwenye mizizi. Chupa za plastiki zilizogeuzwa zinafanya kazi pia, ila baada ya mwezi bustani inafanana na jalala.

Nani analipa bili? Andikeni kabla ya kupanda. Zamu za kumwagilia zipangwe kwa makundi yaliyopo tayari, kama vikoba, kwaya, madrasa, timu ya mpira au bodaboda wa kijiweni, kila kundi na wiki yake, na ratiba ibandikwe. Kundi linaloitwa "wanajamii wote" halijawahi kumwagilia mti.

Mbuzi hawasomi mabango. Uzio wa miiba kuzunguka kila mche kwa miaka miwili ni nafuu kuliko seng'enge ya ekari nzima, ambayo nayo huibwa. Mpakani pandeni michongoma. Minyaa inaota upesi ila utomvu wake ni hatari kwa macho, na watoto watacheza hapo. Adhabu ya kulisha mifugo iwekwe kwenye sheria ndogo ya kijiji iliyopitishwa hadi halmashauri ya wilaya, vinginevyo faini yenu ni maneno tu. Kabla ya msimu wa kuchoma mashamba, limeni ukanda mtupu wa mita 4 kuzunguka eneo.

Kuhusu majina: msiandike kwenye chuma. Bamba la shaba au alumini litaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Rangi juu ya bati inafifia, plastiki inapasuka juani. Mafundi wanaochonga mawe ya makaburi wanaweza kuchonga bamba la graniti. Herufi za milimita 25 zinasomeka na mzee asiye na miwani. Kila jina lithibitishwe na ndugu kwa fomu yenye sahihi, herufi kwa herufi, kwa sababu Mohamed na Muhammed si jambo dogo kwa mama yake. Zipo familia zisizotaka. Ziheshimiwe bila kuulizwa sababu.

Na acheni nafasi tupu kwenye jiwe, angalau theluthi. MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Orodha ya msiba wowote mkubwa ina mapengo, na watu hujitokeza na jina miaka mingi baadaye.

Miti yenyewe ipewe namba kwenye ramani na daftari: aina, tarehe, kitalu ilikotoka, kilichoipata. Kabla ya kutangaza kwamba namba 17 imekufa, kwaruza gome kwa ukucha chini karibu na ardhi. Kijani maana yake subiri. Kahawia na kavu hadi chini, rudishia kutoka kitaluni mvua zijazo, baada ya kufukua na kujua sababu. Mkirudishia kwenye shimo lenye mchwa mnawalisha tu.

Miti ya muda ikatwe pale matawi yake yanapoanza kugusa ya mti inaoulinda, kwa kawaida mwaka wa tano au wa sita. Mjohoro huchipua tena kutoka kwenye kisiki, kwa hiyo chimbeni kisiki chenyewe. Ukataji huo utangazeni kwenye mkutano wa kijiji wiki mbili kabla, mkitaja ni miti ipi na kuni zinakwenda wapi, kwa mfano jiko la shule, kwa sababu msumeno ukisikika ndani ya bustani ya marehemu bila taarifa, kufikia jioni kamati nzima itakuwa imeuza mbao.